Lugha Isiyohitaji Mkalimani? Kiswahili cha Uhuru Afrika na Diplomasia ya Jazi ya Marekani

Ikisiri

Diplomasia ya jazi iliyoendeshwa na Marekani kuanzia mwaka 1956 ilisimama juu ya dai la kiisimu: kwamba muziki ni lugha inayoeleweka na kila mtu bila mkalimani. Makala hii inalipima dai hilo kwa kuihakiki santuri ya Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, ambamo mpiga piano Randy Weston alichagua kutumia Kiswahili. Majina ya sehemu za santuri hiyo yanasomwa kwa kuzingatia sarufi na semantiki ya Kiswahili, kisha yanalinganishwa na ziara rasmi ya Louis Armstrong nchini Kongo katika majira hayohayo. Inadaiwa kwamba Kiswahili hicho kimesikilizwa mno kama sauti na kusomwa kidogo mno kama maneno, na kwamba upungufu huo unatokana na dhana ileile iliyoipa nguvu diplomasia ya jazi.

1.0 Utangulizi

Mwezi Novemba 1955 gazeti la New York Times lilitangaza katika ukurasa wake wa kwanza kwamba Marekani ina silaha ya siri ya sauti, nayo ni jazi. Mwezi huohuo Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem, alieleza kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo ingewapeleka wanamuziki wa jazi ng'ambo. Ilipofika Machi 1956, bendi kubwa ya Dizzy Gillespie ilikuwa imekwisha kupanda jukwaani Abadan, Iran. Kutoka hapo ilizuru Pakistani, Lebanoni, Syria, Uturuki, Yugoslavia na Ugiriki. Baadaye wakafuata Benny Goodman, Dave Brubeck, Louis Armstrong, Duke Ellington na wengine wengi.

Kinaya cha rangi kilichomo katika mpango huo kimekwisha kuchambuliwa kwa kina. Von Eschen (2004) na Monson (2007) wanaonyesha jinsi taifa lililowanyima Weusi haki ya kuketi pamoja na Weupe shuleni na kwenye mabasi lilivyowapeleka Weusi haohao ng'ambo wawe ushahidi wa uhuru wake. Hakuna haja ya kuurudia uchambuzi huo hapa. Lipo hata hivyo dai jingine ambalo halijapata mtihani unaolistahili, pengine kwa sababu linaonekana kuwa pambo tu la hotuba: kwamba jazi ni lugha ya ulimwengu, kwamba haina mipaka, kwamba haihitaji kutafsiriwa. Dai hili lilitolewa na wanadiplomasia, likarudiwa na waandishi wa habari, na wanamuziki wenyewe hawakulikataa. Ni dai kuhusu lugha. Wanaisimu wana haki ya kuliuliza maswali.

Santuri ya Uhuru Afrika ni mahali pazuri pa kuyaulizia maswali hayo, kwa kuwa ndani yake jazi na Kiswahili vinakutana waziwazi. Uhakiki huu unajikita zaidi katika majina ya sehemu zake. Majina ndiyo maneno yaliyochapwa kwenye jalada, yakasomwa hata na mtu ambaye hakuwahi kuisikiliza santuri yenyewe, na ndiyo yanayoendelea kunukuliwa.

2.0 Muziki uliosindikizwa na maneno

Jazi haikusafiri bila maneno hata siku moja. Tangu Januari 1955 Willis Conover alikuwa akitangaza kipindi cha jazi katika Sauti ya Amerika, na kwa wasikilizaji wa Ulaya ya Mashariki na kwingineko kipindi hicho kilikuwa mlango wa kuingilia katika muziki huo. Conover alizungumza Kiingereza cha taratibu, kwa matamshi bayana, akijua kwamba wengi wa wanaomsikiliza si wazawa wa lugha hiyo. Wapo waliojifunza Kiingereza kwake. Sheria ya mwaka 1948 iliizuia idhaa hiyo kuwatangazia raia wa Marekani, kwa hiyo mtu aliyekuwa maarufu Warsaw na Moscow hakujulikana sana kwao. Aliyedai kwamba muziki huu haukuhitaji lugha alikuwa ameisahau sauti iliyoutangulia kila usiku.

Wanamuziki nao walikuwa na maneno yao. Kabla ya ziara ya 1956 maofisa walitaka kumpa Gillespie maelekezo ya namna ya kujibu maswali kuhusu ubaguzi. Alikataa kwenda, akisema kwa maana kwamba miaka mia tatu ya historia ya watu wake ilikuwa imekwisha kumpa maelekezo ya kutosha. Mwezi Septemba 1957, wanafunzi Weusi walipozuiwa kuingia katika shule ya Little Rock, Arkansas, Armstrong alimwambia mwandishi wa gazeti kijana huko Grand Forks kwamba hatakwenda Umoja wa Kisovyeti kwa niaba ya serikali inayowatendea watu wake hivyo. Maneno hayo machache yalizunguka dunia upesi kuliko wimbo wowote aliowahi kuupiga.

Kazi ya sanaa iliyoligusa suala hili kwa ukaribu zaidi ni The Real Ambassadors, tamthilia ya muziki ya Dave Brubeck na mkewe Iola, aliyetunga maneno. Ilirekodiwa mwaka 1961 Armstrong akiwa mwimbaji mkuu, na mwaka 1962 ilitumbuizwa mara moja katika tamasha la Monterey. Kisa chake kinamhusu mpiga tarumbeta anayefika Talgalla, nchi ya kubuni ya Afrika, na kudhaniwa kuwa balozi wa Marekani. Kejeli yote ya tamthilia imefungwa katika cheo hicho kimoja: nani anamwakilisha nani, na kwa idhini ya nani?

Msomaji wa Kiswahili hulisoma neno balozi kwa namna yake. Lilitufikia kwa njia ya Kituruki, kutoka bailo, cheo cha mwakilishi wa Venice mjini Konstantinopoli, kwa hiyo asili yake ni ya kibiashara na kidola kabisa. Nchini Tanzania, hata hivyo, kuanzia miaka ya 1960 balozi alikuwa pia kiongozi wa nyumba kumi, jirani anayeyapeleka maagizo ya chama kwa wenzake na kuyarudisha malalamiko yao juu. Huyo ni balozi anayetarajiwa kusema na pande zote mbili, na anayeishi miongoni mwa wale anaowasemea. Wizara ilimtaka Armstrong awe balozi wa aina ya kwanza. Grand Forks alijitokeza kuwa wa aina ya pili, na tamthilia ya akina Brubeck ina thamani kwa sababu ililitambua hilo. Udhaifu wake uko Talgalla kwenyewe: nchi hiyo haina lugha. Wenyeji wake wanaimba Kiingereza cha watunzi wao, na Afrika inabaki kuwa jukwaa ambalo Wamarekani wanamalizia mabishano ya kwao.

3.0 Novemba 1960

Ziara kubwa ya Armstrong barani Afrika ilianza Oktoba 1960. Katika nchi kadhaa gharama zilibebwa na kampuni ya Pepsi-Cola, kwingineko na Wizara ya Mambo ya Nje. Tarehe 28 Oktoba alipokewa Leopoldville kwa shangwe, akabebwa juu ya kiti kama mfalme. Katika mji huohuo Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, alikuwa amezingirwa nyumbani kwake. Mwezi Novemba Armstrong alipiga Elisabethville, makao makuu ya Katanga iliyokuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Marekani haikuitambua Katanga, na ziara ya mwanamuziki ilifungua njia ambayo balozi wa kawaida asingeweza kuipita bila kuulizwa. Williams (2021) anaeleza namna maofisa wa ujasusi wa Marekani walivyonufaika na nafasi hiyo, Armstrong mwenyewe akiwa hana habari. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Husimuliwa kwamba wapiganaji waliweka silaha chini ili wamsikilize Armstrong. Hadithi hii hupendwa sana katika maandishi ya kuitukuza jazi, na ni rahisi kuona kwa nini: inalithibitisha dai la lugha ya ulimwengu kwa tukio moja. Lakini Elisabethville haikuwa mji uliosubiri kupewa lugha. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya migodi, ya makambi ya wafanyakazi na ya mitaa, kwa mchakato ambao Fabian (1986) ameufuatilia kwa makini. Wapiga gitaa wa Katanga walikuwa na bahari ya nyimbo. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga mwaka 1952, alikuwa akisikika mbali na kwao kabla ya Armstrong kutua. Ziara rasmi haikuihitaji hazina hiyo. Ikiwa muziki unaotoka Marekani unaeleweka na wote, hakuna sababu ya kuuliza wenyeji wanaimba nini na kwa lugha gani.

Hata neno jazi lenyewe lilikuwa limewatangulia mabalozi. Dar es Salaam, Morogoro, Tabora na Tanga zilikuwa na bendi zenye jina hilo. Leopoldville ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya akina Franco. Muziki wa bendi hizo ulidai nasaba zaidi kwa Kuba kuliko New Orleans. Katika matumizi ya wenyeji, Jazz kwenye jina la bendi ilimaanisha dansi ya mjini yenye magitaa na matarumbeta, na wapenzi wake walijitambua kwa bendi, hawakujali mjadala wa wahakiki wa New York kuhusu jazi halisi ni ipi. Tukitumia istilahi za isimu, neno lilikwisha kukopwa, likapanuliwa maana na kuzaa familia yake. Diplomasia ilifika ikidhani inaleta neno jipya.

Katikati ya Novemba hiyohiyo, katika studio moja ya New York, Randy Weston aliwakusanya wanamuziki zaidi ya ishirini ili kurekodi Uhuru Afrika. Mpangaji wa muziki alikuwa Melba Liston, mpiga tromboni aliyekuwamo katika bendi ya Gillespie ya 1956. Mpiga dramu Charlie Persip naye alitoka katika bendi hiyo. Kwa hiyo watu walewale waliotumwa na Wizara miaka minne kabla walikuwa sasa wakijituma wenyewe. Maneno yalitungwa na Langston Hughes. Utangulizi wake ulitafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo.

Weston anasimulia katika tawasifu yake (Weston na Jenkins, 2010) kwamba alitaka lugha ya Kiafrika isikike, kwa kuwa sinema za Hollywood zilikuwa zimewazoesha Wamarekani kuzichukulia lugha za Afrika kama kelele zisizo na maana. Aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingeweza kulisimamia bara zima, akaelekezwa kwenye Kiswahili. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa kwanza na wa kisanaa baadaye. Ulifanyika kabla ya Wole Soyinka kukipigia debe Kiswahili kuwa lugha ya bara, na miongo sita kabla ya UNESCO kuitenga Julai 7 kuwa siku yake. Wanaozungumza leo kuhusu diplomasia ya Kiswahili wangefanya vizuri kuianzia hapa, kwa sauti ya Mtanganyika ambaye nchi yake ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa.

4.0 Kusoma majina

Santuri ina utangulizi na sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Mmoja kati ya majina haya ni Kiingereza kitupu, mmoja ni istilahi ya wanaisimu, na mawili yana Kiswahili. Jina la santuri nzima linaongeza la tatu.

Uhuru Afrika halina a-unganifu. Kiswahili sanifu kingetazamiwa kusema uhuru wa Afrika, yaani kirai nomino ambamo Afrika inaumiliki uhuru. Kuziweka nomino mbili bega kwa bega kunaruhusiwa katika majina rasmi, kama Redio Tanzania, na katika kaulimbiu. Inawezekana muundo huu ulisukumwa na Kiingereza, lugha inayopenda kuzipanga nomino bila kiungo. Hata hivyo athari yake katika Kiswahili haitegemei chanzo chake. Bila a-unganifu, Afrika inaacha kuwa mmiliki na inaweza kusomwa kama anayeitwa: uhuru, ewe Afrika. Mwaka 1960, ambao nchi kumi na saba za bara hili zilipata uhuru, miito ya namna hiyo ilisikika katika kila mkutano wa hadhara. Tahajia nayo inafaa kutajwa. Miaka michache baadaye Wamarekani Weusi wenye msimamo mkali waliandika Afrika kwa k wakilichukulia kuwa tendo la kujikomboa. Kwenye jalada hili k ni tahajia ya kawaida ya Kiswahili, wala haina ukali wowote.

Neno uhuru ndilo lenye uzito mkubwa zaidi, na hapa tafsiri ya Sanga iliyapa maneno ya Hughes kitu ambacho Kiingereza chake hakikuwa nacho. Kiingereza kina maneno mawili tofauti, moja kwa hali ya mtu asiyefungwa na jingine kwa taifa linalojitawala. Kifaransa kina tofauti hiyohiyo, na wimbo wa Kabasele na African Jazz uliosherehekea kujitawala kwa Kongo mwaka 1960 ulibeba jina la Kifaransa, Indépendance Cha Cha. Kiswahili kinatumia neno moja. Huru, kutoka mzizi wa Kiarabu, alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa. Kumwacha mtu huru kulikuwa tendo la kisheria lililojulikana pwani yote. Ngeli ya u- ikaifanya hali hiyo kuwa dhana, na siasa za miaka ya 1950 zikaipandisha dhana hadi ngazi ya taifa. Wazao wa watumwa wa Marekani waliolitia neno hili katika santuri yao walikuwa wakitamka kwa pumzi moja ukombozi wa mababu zao na kujitawala kwa Tanganyika. Huenda hawakujua. Kiswahili kilijua.

Uhuru Kwanza linacheza na nafasi ya kielezi. Uhuru wa kwanza ungekuwa mmoja katika orodha ya uhuru nyingine. Uhuru kwanza ni agizo la mpangilio: hili litangulie, mengine yafuate. Lakini katika mazungumzo ya kawaida kwanza huacha deni. Anayesema tule kwanza amekiri kwamba kuna jambo linalongoja. TANU ililipa deni hilo kwa kiunganishi: Uhuru na Kazi, na katika nembo ya taifa, Uhuru na Umoja. Santuri hailipi. Jina linarudiwa, mara moja katika utangulizi na mara ya pili katika sehemu ya kwanza, kisha kinachofuata baada ya kwanza kinaachiwa ala.

Bantu ni jina lenye matatizo, na si vizuri kuyafunika. Ni istilahi aliyoieneza Wilhelm Bleek katika karne ya 19, akaunganisha kiambishi cha wingi na mzizi wa mtu. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo, yaani watu, na hakihitaji jingine. Kufikia 1960 Afrika Kusini ilikuwa imelifanya bantu kuwa neno la ofisi za ubaguzi: Sheria ya Elimu ya Kibantu ilipitishwa mwaka 1953. Weston alilitumia kwa nia ya umoja wa watu wa asili moja. Mwanaisimu atatabasamu kidogo akikumbuka kwamba miongoni mwa wapiga ngoma wa santuri alikuwamo Babatunde Olatunji, Myoruba, ambaye lugha yake haimo katika kundi la Bantu, pamoja na Candido Camero na Armando Peraza wa Kuba. Katika muziki hilo si kosa, kwani umoja unaodaiwa ni wa historia ya Atlantiki na hauhusiani na jedwali la ngeli. Lakini umbali kati ya nia ya mtunzi na historia ya neno ni mkubwa, na wasifu wa santuri hii ambao haulitaji jambo hilo una pengo.

Jina linalostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi ni la mwisho. Kucheza Blues linaonekana kuwa tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, lugha ambayo kitenzi kimoja kinatumika kwa mtoto na mpira wake na kwa mwanamuziki na piano yake. Kiswahili kinavitenganisha. Ala hupigwa: mtu hupiga gitaa, hupiga zeze, hupiga ngoma, hata muziki wenyewe hupigwa. Kuchezwa kwa ngoma ni kazi ya miguu na mabega. Msemaji wa Kiswahili akiambiwa kuna kucheza bluzi hatawaza kuhusu Weston kwenye piano. Atawaza kuhusu watu uwanjani.

Ni rahisi kuliita jina hili kosa na kuendelea. Uhakiki wa aina hiyo hauna faida, kwa kuwa matini ikishachapwa husomwa kwa sarufi ya lugha iliyoandikwa. Jina hili linamwondoa mpigaji katika nafasi ya mtenda mkuu na kumweka mchezaji. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha migogoro ya ziara rasmi. Matamasha ya Wizara yaliandaliwa kwa ajili ya watu waalikwa, wameketi kwa vyeo, na mara nyingi kiingilio kiliwashinda watu wa kawaida. Habari inayosimuliwa zaidi kuhusu ziara ya Gillespie ni ya Ankara, ambako alikataa kupiga katika bustani ya ubalozi mpaka watoto waliokuwa nje ya uzio waruhusiwe kuingia. Katika ngoma hakuna uzio huo. Anayetazama leo huingia uwanjani kesho, na ngoma isiyochezwa hurudishwa nyumbani. Kwa kukosea kitenzi, jina Kucheza Blues lilitaja hadhira ambayo diplomasia ya jazi haikuwa na viti vya kuiketisha.

Pingamizi linatarajiwa: maana hizi zote zinapatikana kwa msikilizaji anayejua Kiswahili, na hadhira ya Roulette, kampuni iliyoitoa santuri mwaka 1961, haikukijua. Pingamizi ni sahihi, na ndipo ulipo ugumu wa santuri yenyewe. Kwa Mmarekani wa mwaka 1961 sauti ya Sanga ilifanya kazi ileile iliyotarajiwa kwa tarumbeta ya Gillespie huko Abadan: ilisikika, ikagusa, haikufahamika. Wizara ilipeleka muziki na kuuita lugha. Weston alipokea lugha, na mazingira yakaifanya muziki. Anayeweza kuzisikia pande zote mbili ni msikilizaji wa Kiswahili, na huyo hajashughulika nayo sana. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuyatafuta maandishi yake pwani na katika vyuo vya Afrika Mashariki, na wahakiki wa jazi kwa kawaida huridhika kutaja kwamba Kiswahili kimo, kana kwamba ni ala nyingine kwenye orodha.

5.0 Baada ya santuri

Mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku Uhuru Afrika. Wachunguzi wa Pretoria hawakuhitaji kamusi ili kulielewa neno uhuru, ambalo kufikia hapo lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka wa kila koloni kusini mwa ikweta.

Safari ya Hughes ilielekea kwingine. Mwezi Juni 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Kampala, ulioitishwa kwa ajili ya waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ (1986) amekumbusha kwamba kigezo hicho kilimfungia mlango Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki wakati huo, aliyefariki mwezi huohuo wa Juni. Baadaye ilifichuka kwamba taasisi iliyoufadhili mkutano, Congress for Cultural Freedom, ilikuwa ikipata fedha kwa siri kutoka shirika la ujasusi la Marekani. Mshairi ambaye maneno yake yalikuwa yamesomwa kwa Kiswahili New York alikaa katika ukumbi wa Kampala ambao Kiswahili hakikualikwa. Hughes halaumiwi hapa, kwa kuwa hakuandaa orodha ya waalikwa. Linaloonekana ni kwamba diplomasia ya utamaduni, iwe ya jazi au ya riwaya, ilikuwa na upendeleo wa lugha uliokuwa thabiti kuliko upendeleo wake wa rangi: Mwafrika alikaribishwa kwa mikono miwili maadamu angesema Kiingereza.

Wala Weston hawezi kuwekwa nje ya mtandao huo kama mtakatifu. Mwaka 1961 alikwenda Lagos kwa tamasha la jumuiya ya utamaduni ya Wamarekani Weusi, AMSAC, ambayo nayo ilikuja kubainika kuwa ilipokea fedha za siri kutoka mkondo huohuo. Kelley (2012), anayemtetea Weston kwa hoja nzito, hafichi mazingira hayo. Ukweli ni kwamba mwanamuziki Mweusi wa wakati huo aliyetaka kulifikia bara la mababu zake hakuwa na nauli nyingi za kuchagua.

Mwaka 1967 hatimaye Wizara ya Mambo ya Nje ilimteua Weston kuwa balozi wake wa jazi. Alizuru nchi za Afrika Magharibi na Kaskazini akiwa na bendi ya watu sita, akavutiwa na Moroko, akahamia Tangier na kufungua klabu yake huko. Njia ya ziara haikupita Dar es Salaam, wala Zanzibar, wala Mombasa, wala Lubumbashi. Wasikilizaji ambao wangecheka waliposikia Kucheza Blues, kisha wakainuka kwenye viti vyao na kucheza, hawakuwamo ukumbini.